Msimu Ambao Bwana Wei Aligema Ulanzi

Siku Bwana Wei alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa Njombe, waliokuwepo ni hawa. Mwalimu Kihombo, afisa michezo wetu, aliyeniingiza kazini na kunifundisha kazi. Mkewe Anna tulizaliwa kijiji kimoja, kwa hiyo nilimwita shemeji hata mbele ya wakubwa. Gaudensi Mligo, dereva, mtoto wa dada yangu Eliza. Mama Sanga, Mkinga, muuza chai wa getini, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu ila alijua kila mtu anatia sukari kiasi gani. Mbuzi wake wawili, golini. Na mimi, Yustina Mgaya, Mama Upendo, mhudumu wa uwanja, nimeshika fagio.

Ninyi mliobaki na funguo za stoo, Neema na Baraka, mmeniomba niandike. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mtavumilia. Vyeo sitaandika, maana sikupata. Mshahara wa kibarua nao hauna hadithi. Kibarua hata tarehe ya kustaafu hana. Mimi nimestaafishwa na magoti. Nitaandika kazi, na nitaandika habari za Bwana Wei, kwa sababu kila mnachonisifia leo uwanjani nilikiona kwake kwanza.

Kabla hajaja, kazi yangu ilikuwa kufagia, kufyeka, na kupiga mistari ya chokaa. Mwalimu Kihombo alinifundisha siku ya kwanza kabisa, asubuhi ya Juni, nyasi nyeupe kwa baridi, vidole vimekufa ganzi. Alinipa vigingi, kamba, ndoo na kopo lenye matundu. Akasema, "Mama Upendo, mstari ukipinda, mtoto atashindwa na wewe, si na mwenzake." Nikapiga mstari wangu wa kwanza ukawa kama njia ya kwenda kisimani. Hakucheka. Alimwaga maji, akaufuta, akanirudishia kopo. Ndivyo alivyokuwa.

Basi akaja Bwana Wei. Kwao, China, alikuwa mtu wa serikali, ofisi ya michezo ya jimbo. Alianza kwa kufagia ukumbi wa mpira wa meza, akapanda mpaka akasimamia shule za michezo za jimbo zima. Serikali yake ndiyo ilimleta atusaidie kupanga riadha za shule. Mtu mwembamba, nywele zimeanza kuwa na mvi, saa ya kupimia mbio inaning'inia shingoni hata kanisani. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani kwao, akakisema taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwalimu Kihombo alikuwa ameandaa hotuba. Bwana Wei akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante sana. Naomba kwanza nione vyoo."

Mwalimu akadhani mgeni amebanwa, akamwonyesha cha ofisini.

"Hapana. Vya watoto."

Nikampeleka mimi. Alisimama mlangoni, akaangalia, akanigeukia. "Mama, wasichana wanaingia hapa?"

"Wanaingia wakishindwa kuvumilia," nikamwambia.

"Basi tutaanza hapa."

Gaudensi akaninong'oneza, "Mama mdogo, huyu kaletwa kwa ajili ya mbio au kwa ajili ya choo?" Lakini tulianza pale. Vyoo vilipokuwa na milango na maji, wasichana wanaokuja mazoezini waliongezeka bila mtu kupiga hata ngoma. Gaudensi alinyamaza. Kwa Gaudensi hiyo ni sifa kubwa.

Nyingine ilikuwa habari ya utepe. Mnajua mbio ndefu zinavyokwisha: wa kwanza anakata utepe, watu wanapiga makofi, wanaanza kukunja viti, na kuna mtoto bado yuko kule kona ya tatu anahema peke yake. Bwana Wei hakukubali. Utepe ukikatwa na wa kwanza, unafungwa upya, unashikwa na watu wawili mpaka wa mwisho afike aukate na yeye. Mgeni rasmi akitaka kuondoka, aondoke, utepe haushuki. Siku moja mkubwa mmoja aliyekuwa na hotuba ndefu alingojeshwa hivyo kwenye manyunyu, na Bwana Wei akasema kwa heshima zote, "Hotuba inaweza kusubiri. Mtoto amechoka." Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu nisionekane nikicheka, na nilikuwa nimevaa malapa.

Wala simsifii kama malaika. Alikuwa mkaidi. Chokaa ikiwa haijakauka hata chai hunywi. Na ukimwuliza mambo ya nyumbani kwao alikuwa anaangalia ile saa yake kana kwamba jibu limo mle.

Baadaye kazi ikahamia Makambako, kwa sababu shule nyingi zilikuwa zinafika huko kwa urahisi, na akaomba nami nihamishwe. Uwanja wa Makambako ule wakati ulikuwa maegesho ya malori. Malori mengine yalikuwa ya Bi Zainabu, mwenye nyumba ya wageni alipopanga Bwana Wei, mama wa Kiislamu mwenye sauti ya kusimamisha treni. Mwalimu Kihombo alitaka kuandika barua. Bwana Wei akanywa chai tu na huyo mama, akamwomba awe msimamizi wa watazamaji siku za mashindano. Kesho yake Bi Zainabu mwenyewe alikuwa anawafukuza madereva: "Toa hilo lori lako! Hapa ni kwa watoto wangu!" Upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha chokaa yangu mpaka stendi, lakini malori hayakurudi.

Hapo ndipo tulipomwona Faraja.

Alikuwa anateremka kutoka Kitandililo na dumu la ulanzi kichwani, anapeleka kilabuni. Tulikuwa barabarani tunapima njia ya mbio. Binti akatupita, akawapita wenye baiskeli, na dumu halikutikisika. Bwana Wei akasimama na futi mkononi. "Mama Upendo, huyu ni mtoto wa nani?"

"Mjukuu wa Mzee Mwalongo. Wazazi wamefariki. Ni babu na yeye tu."

"Anakimbia na mzigo, na mzigo haujui," akasema.

Mzee Ezekia Mwalongo nilimfahamu vizuri. Alikuwa mzee wa kanisa pamoja na kaka yangu Yohana. Alikuwa na shamba kubwa la mianzi, na mianzi hiyo ndiyo iliyokuwa inamsomesha Faraja. Kwa ninyi msiotoka huku: mvua zikianza, mwanzi unatoa chipukizi. Likifika kimo cha kiuno unalikata ncha, unalifunga mbeta, yaani kikombe cha mwanzi, na kila asubuhi na jioni unakata tena kipande chembamba ili maji yaendelee kudondoka. Hayo maji ndiyo ulanzi, mtamu yakiwa mapya, pombe yakichacha. Ukiruka siku, chipukizi linaziba. Magoti ya mzee yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo mwenye kisu alikuwa Faraja.

Bwana Wei alikwenda kumwomba. Mzee alimpokea vizuri, "Kamwene, kamwene," akampa kigoda na togwa ya ulanzi. Alikubali Faraja aje mazoezini akishagema, na akamwambia Bwana Wei achukue mianzi mikavu tutengenezee viunzi vya kuruka. Faraja akawa anafika uwanjani amechoka tayari, lakini anakuja. Mbele yetu kulikuwa na mashindano ya mkoa, Njombe, na msichana atakayeshika nafasi tatu za kwanza kwenye mita elfu moja mia tano alikuwa anachukuliwa na shule yenye mabweni na walimu wa riadha. Kwa Faraja hiyo ilikuwa njia pekee ya kuendelea na masomo, maana mianzi ilikuwa inazeeka pamoja na mwenyewe.

Sasa Jumamosi moja Bwana Wei alikwenda kuchukua mianzi mikavu. Mwenyeji hayupo, Faraja kaenda sokoni. Akaona machipukizi yameota katikati ya kijia, mengine yamesogelea ukuta wa nyumba. Kwao chipukizi la njiani ni uchafu na ni chakula: unaling'oa, njia inakuwa safi, jioni unalipika. Akaona amsaidie mzee. Akang'oa ndoo nzima. Tena akafagia kijia.

Mimi nilikuwa napiga mistari upande wa magoli, nikawa nasikia harufu nzuri inatoka stoo. Alikuwa anapika kwenye jiko langu la mkaa, na vitunguu na nyama ya kuku. Nilipomaliza na kurudi, sufuria haipo, Bwana Wei hayupo. Nikatazama ndoo ya taka. Nikaona maganda ya machipukizi ya mwanzi.

"Yesu wangu," nikasema. "Kapika ulanzi."

Nikamwuliza Gaudensi, "Kaenda wapi?"

"Kitandililo. Kasema anampelekea Mzee Mwalongo zawadi."

Nilipanda bodaboda kwa mara ya kwanza maishani, nimeshika koti la yule kijana na macho nimefumba. Tulipofika, Mzee Mwalongo alikuwa anapangusa sahani kwa kipande cha ugali.

"Mama Upendo, karibu!" akasema. "Huyu Mchina anajua kupika. Hata sijui ni uyoga gani huu, mlaini namna hii."

Bwana Wei akafurahi. "Si uyoga, Babu. Ni mianzi yako. Ile midogo ya njiani. Nimekusafishia njia."

Mzee akaacha kutafuna. Akaangalia sahani, akaangalia kijia kilichofagiwa. Mimi nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Umeng'oa yote?"

"Yote ya njiani na ya ukutani."

Ile ya ukutani ndiyo iliyokuwa bora, kwa sababu mzee aliweza kuifikia kwa magoti yake. Hakupiga kelele. Alisema pole pole, "Nimekula msimu wangu. Na nimeusifia." Halafu akamgeukia mjukuu wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na kikapu cha sokoni. "Faraja, uwanjani huendi tena. Mtu anayeng'oa watoto wa mianzi yangu simpi mtoto wangu amlee."

Faraja aliweka kikapu chini, akaanza kutoa nyanya moja moja kama mtu anayepanga duka. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatatu, Mwalimu Kihombo alitaka tuende na gari la serikali, tumchukue na mtendaji, mzee aambiwe kwamba mtoto wa shule ni wa taifa. Alisema kwa nia njema. Bwana Wei akakataa.

"Tukienda na ofisi, mtoto atakuja. Babu hatakuja."

"Babu wa nini, Bwana Wei? Anayekimbia ni mtoto."

Hapo ndipo Bwana Wei alipotuambia habari za kwao, mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema aliwahi kukusanya watoto wengi sana kwenye shule zake, wakala vizuri, wakakimbia vizuri, wakashinda. Lakini jukwaani hakukuwa na mama wala babu wa mtu. Wazazi alikuwa anawajua kwa sahihi zao tu. "Mtoto akishinda, anatafuta uso jukwaani. Ananiona mimi," akasema. "Uso wangu hautoshi."

Mwalimu Kihombo akauweka ufunguo wa gari mezani.

Bwana Wei akaniuliza apeleke nini: mbuzi, blanketi, jembe? Nikamwambia, "Usipeleke kitu. Ulichopeleka juzi bado hajakimaliza moyoni. Nenda ukasikie anakosa nini."

Tukaenda wawili, alfajiri ya manyunyu. Mzee alikuwa anagema mwenyewe, anatambaa kutoka shina hadi shina, Faraja kaenda upande wa chini. Bwana Wei hakumsalimia kwa maneno mengi. Alivua viatu akapiga goti kwenye tope, kama nilivyomwonyesha.

"Babu, nimekosa. Sikuuliza."

"Hukuuliza," mzee akasema, anaendelea kukata.

"Naomba Faraja akimbie."

"Na akikimbia, hii mianzi iliyobaki ataigema nani? Wewe umenipunguzia mianzi, sasa unanipunguzia na mikono. Mikono yangu ni huyu."

Bwana Wei akanyoosha mkono, akafungua kiganja, kusubiri kisu.

"Mimi," akasema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wewe! Mtu wa serikali! Utajikata vidole, nije nishtakiwe na China?"

"Nifundishe."

"Asubuhi na jioni, unasikia? Mwanzi haujui Jumapili."

"Nasikia."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akampa kisu kwa upande wa mpini.

Ndivyo ilivyokuwa msimu ule. Kukipambazuka, Bwana Wei anapanda Kitandililo kwa pikipiki, amevaa buti za mvua, na saa yake shingoni. Anagema, na Faraja anakimbia barabarani kwenda na kurudi, miguu bado ina nguvu. Siku za kwanza alikata vipande vinene mno, mzee akawa anapiga kelele kutoka barazani, "Kata kama unamnyoa mtoto! Unanimalizia shina!" Baadaye hakupiga kelele. Baadaye alianza kumwita Mgema. Kilabuni watu walikuwa wanauliza, "Huu ni wa mzee au wa Mchina?" na Bi Zainabu, ambaye pombe haigusi, alikuwa anamlalamikia: "Bwana Wei, nyumba yangu ya heshima unaniletea harufu ya kilabu!" na bado anamwekea maji ya moto ya kuoga.

Nilimwuliza siku moja kama kwao angefanya kazi hiyo. Alijibu huku anafunga mbeta, "Mama Upendo, nimefanya kazi ya michezo miaka mingi. Nilipanga nani atakimbia, wapi, saa ngapi. Sikuuliza mtoto akikimbia, kazi yake nyumbani anafanya nani." Neema, Baraka, hili lishikeni. Mkiona mtoto ameacha kuja, msiulize kwa nini ni mvivu. Kaangalieni nyumbani kwao nani ameshika kisu.

Mashindano ya mkoa yalikuja, mianzi bado inatoa. Bwana Wei ndiye aliyeyapanga yote, ratiba, waamuzi, mpaka viunzi vya ile mianzi mikavu. Jioni ya mwisho kabla ya kuondoka, Mzee Mwalongo akamwambia, "Haya, Mgema, kesho ukatazame mtoto wako. Mimi nitagema nitakavyoweza."

Bwana Wei akauliza, "Babu, umewahi kumwona akikimbia? Si barabarani. Uwanjani."

"Mimi na magoti haya?"

"Basi kesho unakwenda wewe. Gaudensi atakuja na gari. Mimi nabaki."

Mwalimu Kihombo alipofika na kusikia alishika kichwa. "Bwana Wei! Mashindano ni yako! Wakubwa watakuja!"

"Umejifunza yote, Mwalimu. Na mistari ni ya Mama Upendo. Mimi nina mianzi."

Basi tulikwenda Njombe bila yeye. Baridi ilikuwa kali, mzee amevaa koti la harusi yake, amekaa mbele kabisa, kwenye kigoda chake mwenyewe, maana viti vya plastiki haviamini. Mbio za wasichana mita elfu moja mia tano zilianza kwenye ukungu. Faraja alikuwa peku. Mzunguko wa kwanza alikuwa nyuma, nikaona mzee anakunja vidole juu ya fimbo. Wa pili alikuwa katikati. Kona ya mwisho waliongozana wanne, na pale ndipo Faraja alipoanza kukimbia kama mtu anayepanda Kitandililo na dumu tupu.

Alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Rehema Luvanda, na alistahili.

Alipovuka mstari alikuwa anahema, anageuza shingo huku na huku, anatafuta jukwaani. Akamwona. Mzee alikuwa amesimama bila fimbo, na kofia mkononi. Faraja aliinama akashika magoti yake mwenyewe, akacheka huku machozi yanadondoka kwenye chokaa yangu.

Watu wakaanza kukunja viti. Nikafunga utepe upya, nikashika ncha moja, nikatafuta wa kushika ya pili. Mzee Mwalongo akaja akichechemea, akaishika. "Mgema kaniambia," akasema. "Haushushwi." Tukasimama, yeye na mimi, hata ukungu ukaanza kutuloanisha, mpaka yule msichana wa mwisho akatokea kwenye kona, akatuona, akaongeza mwendo.

Ndipo Mwalimu Kihombo akampigia simu Bwana Wei, akaweka sauti ya wazi. Tulisikia upepo wa Kitandililo unampiga. Mwalimu akaanza, "Bwana Wei, matokeo ni mazuri sana..."

"Subiri," sauti ikasema. "Wa mwisho amefika?"

"Amefika."

"Ameukata utepe?"

"Ameukata. Mzee mwenyewe ndiye aliyeushika."

Mzee akaichukua ile simu, akaishika mbali na sikio kama anayeogopa itauma. "Mgema! Mbeta zimejaa?"

"Zimejaa, Babu."

"Basi njoo na dumu moja. Mtoto wetu anakwenda shule."

Bwana Wei sasa amestaafu, yuko kwao, na Mwalimu Kihombo tumeshamzika. Faraja mnamjua, ndiye anayewasainia likizo zenu, na akikuta kamba imefungwa vibaya mnajua anavyoangalia. Mkitaka kumfurahisha, tengenezeni vyoo kwanza.

Nimeandika kama nikumbukavyo. Majina nina hakika nayo karibu yote. Yule msichana wa mwisho nasema alikuwa Oliva Haule, wa Ludewa, gauni la bluu, ingawa Gaudensi anabisha kwamba alikuwa Stella, dada yake Oliva. Kama mmoja wao anasoma hapa, au kuna aliyekuwepo akaona vingine, aje anisahihishe. Nipo nyumbani, chai ipo. Ila Gaudensi peke yake simkubali, kwa sababu wakati ule alikuwa amekwenda kuwasha gari.